Taa ya Mgongoni

Feri ilikuwa inanijia moja kwa moja nilipokumbuka taa yangu iko wapi. Nilikuwa nimeifunga mgongoni, ili mke wangu, aliyekuwa nyuma kwenye kayaki yake, mtumbwi mwembamba kama wangu, asinipoteze gizani. Kwa nahodha wa feri, mimi sikuwepo.

Na mimi fundi umeme mzima!

Nikageuza kayaki, nikaipa feri mgongo ili nahodha aione taa, nikatulia. Ngurumo ya injini ikahamia kushoto, ikapita. Wimbi lake likaninyanyua taratibu, likanishusha.

"Baba watoto! Uko mzima?"

"Mzima!" Nilicheka mpaka kasia likataka kunitoka mkononi.

Alifika akihema, akanivisha kichwani taa yake ya akiba, akaikaza mpaka ikaniuma.

"Na hii ya mgongoni niizime?"

"Iache. Bado nakufuata."