Kitufe Chekundu

Mizinga ililia tena upande wa mtaa wa Jebel, na gari la kuwapeleka Wakenya uwanja wa ndege lilikuwa limejaa.

"Mama, toa hicho kiti cha mtoto umpakate," dereva alimwambia Millicent. "Jirani yako ataenea, tumshushe kwenye kambi ya wakimbizi."

Jirani alisimama mlangoni, mwanawe mgongoni.

Kidole gumba cha Millicent kilikuwa juu ya kitufe chekundu cha mkanda. Angekibonyeza mara moja tu, kiti kingetoka. Lakini barabara ile, breki zile, mikono ya mama ingemshika mtoto kweli?

"Hakitoki," alisema. "Kilifungwa na fundi."

Neno lilipomtoka ndipo alipomkumbuka fundi mwenyewe. Ni jirani huyu huyu aliyekikandamiza kile kiti kwa goti, kwa uzito wake wote, siku walipokifunga ndani ya gari hili hili kule mtaani Nyakuron, huku Millicent akivuta mkanda mpaka kikakaa imara.

Jirani aliinama, akapenyeza vidole viwili chini ya mkanda kifuani mwa mtoto wa Millicent, akaukaza.

"Huu ulikuwa umelegea, mama," alisema, kisha akawafungia mlango kwa nje.