Nyufa za Nyumba ya Kiboko

Zamani, wanyama walipoanza kupanga nyumba, Kiboko alimwajiri Kinyonga atunze jengo lake. Kinyonga aliona kuita fundi ni usumbufu. Kila ufa ulipotokea, alilala juu yake akageuka rangi ya ukuta. Nyufa zilipozidi, akaleta ukoo mzima ufanye vivyo hivyo.

Siku ya ukaguzi, mpangaji mmoja, Panya, alilalamika: "Mzee, ukuta huu utatuangukia!"

Kiboko akautazama juu na chini. "Ufa uko wapi? Mbona ukuta unang'aa?"

Kinyonga alijibana. Panya alifunua pipa la taka, nzi wakaruka.

Kinyonga na ukoo wake walijitahidi kufumba midomo, wakashindwa. Ndimi zikachomoka ukuta mzima.

Kiboko akarudi nyuma. "Panya, hizo ni nini?"

"Ndizo nyufa, mzee. Leo zina njaa."