Mapango ya Mashavuni

"Vuta tena! Piga chafya!" Danieli alifoka.

Mbonile akavuta ugoro mara ya tatu, akapiga chafya iliyomwangusha Danieli kofia. Danieli akaokota kofia, akainamia kitambaa cheupe alichokitandaza mezani, akakikagua pembe zote nne. Kamasi tu. Akaandika: hana.

Danieli alikuwa mlinzi mkuu wa geti kwenye mgodi mmoja wa dhahabu kule Saza, na mwezi huo alikuwa taabani. Dhahabu ilikuwa inatoka, na hakuna aliyejua inapitia wapi. Bwana Meneja alimpa mpaka Jumatatu: amkamate mwizi, la sivyo arudi Ibaba akalime viazi kwa mama mkwe wake. Na mama mkwe huyo, jamani, bora tusimseme.

Habari ya chafya ilianzia kwa daktari wa meno, Mwingereza aliyekuja na mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa.

"Juu ya meno haya ya nyuma, kila mtu ana mapango mawili mashavuni," alieleza, ameinua picha dirishani. "Kuna wenye makubwa, kuna wenye madogo, kuna wenye ukuta katikati. Nataka kujua yanavyotofautiana."

Wafanyakazi wengine waliokuwa wakimsikiliza waliduwaa. Danieli alikaribia kucheza. Mapango! Miaka yote hiyo anapekua mifuko na viatu, kumbe watu hawa wana ghala puani!

Baada ya wiki moja Daktari alirudi Mbeya. Mashine akamwachia dresa wake, yaani msaidizi wake wa tiba, Ezron, mwanakwaya wa Tunduma, mpole mpaka unamwonea huruma. Danieli akamsihi asimwache hata mtu mmoja, naye Ezron akaitika vizuri. Kila mfanyakazi aliingia peke yake kwa Ezron, akakalishwa kitini, akang'atishwa karatasi ngumu, mashine ikanguruma, basi. Kutoka hapo ni getini: ugoro, chafya, kitambaa. Danieli hakujipendelea, alijipima mwenyewe akapiga chafya kumi na saba.

Kila Ijumaa Ezron alileta getini sanduku la bati lenye kufuli, limeandikwa kwa rangi nyekundu: PICHA. USIFUNGUE.

"Mwanga ukiingia kidogo tu, kazi yote imeharibika," alisema.

"Afungue nani?" Danieli aling'aka. Mlinzi mmoja aliyethubutu kuligusa kufuli alizabwa kofi. Sanduku Danieli alilibeba mwenyewe, mpaka kwenye lori la Mbeya.

"Lo! Mbona zito hivi?"

"Vichwa vya watu sitini, kaka Danieli."

Danieli akawaza kidogo, akaona ni kweli. Kichwa kimoja tu kina uzito wake.

Ijumaa ya mwisho sanduku lilitaka watu wawili. Ezron akapanda lori pamoja nalo. Alikuwa amepewa ruhusa, akitoka Mbeya apitilize mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akamsalimie shangazi yake Loisi. Alimshika Danieli mkono kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga.

"Bila wewe, kaka, nisingeweza."

"Nenda salama, mdogo wangu," Danieli alisema, na yeye mwenyewe karibu alie.

Jumatatu ikafika. Bwana Meneja alisimama getini ameshika kiuno. Danieli alikuwa amepiga pasi sare yake, lakini mwizi hakuwa naye. Vitambaa mia mbili alikuwa navyo. Alishaanza kuisikia sauti ya mama mkwe wake, mara gari la Daktari likaingia, na roho yake ikatulia.

"Bwana Daktari! Mwambie Bwana Meneja nilivyofanya kazi! Yale masanduku matatu ya picha nimeyabeba kwa mikono yangu hii, na hakuna aliyeyafungua!"

Daktari alishuka na katoni mpya kwapani.

"Picha gani?" aliuliza. "Filamu ndiyo kwanza naileta. Ile ya kwanza niliondoka nayo yote."