Maneno ya Pembeni

Makala ya majaribio ya dawa ya kuua konokono ilikuwa na majina mawili: la Daktari Lugano, na la Bi Sikudhani, aliyewalea konokono wa maabara miaka sita. Jarida la ng'ambo lilitaka kila mwandishi atie sahihi kwamba ameisoma yote na kuikubali.

"Weka hapa chini tu, mama," alisema daktari. "Inatakiwa kabla ya saa kumi."

"Ni Kiingereza hiki. Nisomee kwanza."

Daktari akatazama saa ya ukutani, akavuta kigoda, akaanza kumsomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Bi Sikudhani alisikiliza huku akiwakatia konokono mchicha. Kwenye ukurasa wa saba kisu kikasimama.

"Umesema wa tangi la nne waliuawa na dawa."

"Hesabu ndivyo zinavyoonyesha."

"Wiki ile maji ya bomba yalikatika. Niliwatilia ya kisima, wakafa hata dawa sijaiweka. Niliandika."

Akafuta mikono kwenye kanga, akashusha daftari kutoka kwenye rafu. Daktari alilijua vizuri. Tarakimu zake zote alizihamishia mwenyewe kwenye kompyuta; maneno yaliyosongamana pembeni aliyaruka.

Aliyatazama sasa, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akaugeuza ule wa saba wa makala upande usioandikwa, akaichukua kalamu aliyokuwa amemletea mama huyo atie sahihi.

"Nisomee wewe," alisema. "Taratibu."

Saa ikagonga kumi. Bi Sikudhani akavaa miwani, akatafuta mstari kwa kidole, na daktari akangoja.