Mtabiri wa Anga na Mama Yake

Mama alianza kugawa vitu vyake, na alianza na sufuria. Kubwa akampa jirani mshonaji, ndogo akampa mke wa fundi bomba. Kisha akaketi kwenye kochi akanyoosha miguu, kama mtu aliyemaliza kazi ya maisha yake.

Mwanawe hakuona kitu. Alikuwa chumbani, kajifungia, akihojiwa na redio kwa simu.

"Binadamu akiendelea kuing'ang'ania dunia hii," alikuwa akisema, "atakuwa kama mtu mzima anayekataa kutoka kwa mama yake."

Aliyasema hayo akiwa na mvi, ndani ya pajama aliyopigiwa pasi na mama yake.

Magazeti yalimwita Mtabiri. Katika riwaya zake watu walikuwa wameshahamia Mirihi, wakajenga miji chini ya vioo, wakaoana, wakaachana. Alitabiri setilaiti za kulinda mashamba, zikaja. Alitabiri roketi inayorudi na kutua yenyewe, nayo ikaja. Shirika la anga lilipotangaza kwamba sasa litachukua hata raia wa kawaida, mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa yeye. Alishukuru sana, akasema kiuno hakimruhusu. Isitoshe, kazi yake ilikuwa kuonyesha njia. Kuipita ni kazi ya wengine. Ukweli ni kwamba hata lifti alikuwa hapandi.

Mahojiano yalipokwisha, akatoka kutafuta chai.

"Mama, mbona jikoni hamna sufuria?"

"Nimezigawa. Za nini tena? Hebu kaa, mwanangu, nikuambie jambo."

"Baadaye, Mama. Nina makala ya kumaliza."

Makala yenyewe ilihusu mustakabali wa familia katika anga za mbali.

Siku chache baadaye alimkuta Mama amejilaza kochini, macho kayafumba, uso umempauka.

"Vipi tena?"

"Natoka hospitali. Leo wamenizungusha, mwanangu! Wamenizungusha mpaka nimetapika."

"Hospitali ndivyo zilivyo. Mara nenda dirisha lile, mara rudi chumba hiki. Wamesemaje?"

"Daktari anasema niko tayari." Mama akafumbua macho, akatabasamu. "Nami nimemwambia kweli, niko tayari."

Hapo ndipo Mtabiri alipokaa. Akamtazama mama yake, pengine kwa mara ya kwanza mwaka ule. Alikuwa amepungua, gauni linamwelea. Mezani palikuwa na vidonge vya rangi tatu. Kabati la nguo lilikuwa wazi, na ndani yake zilining'inia hanga tupu.

Akampigia simu dada yake.

"Mama ana nini?"

"Muulize mwenyewe, kaka. Mimi ameniapisha. Anasema wewe ukijua tu, utaandika."

"Ni karibu?"

"Karibu sana. Nilimsihi angoje hata kidogo, anasema amengoja vya kutosha."

Jioni hiyo Mtabiri hakuandika. Aliketi sakafuni karibu na miguu ya Mama, kama zamani.

"Unaogopa?"

"Kidogo. Wanasema mwanzo ndio mgumu. Kifua kinabanwa, pumzi inakuwa ya taabu. Halafu ghafla, wepesi! Huna uzito, huna maumivu ya magoti, huna chochote."

Machozi yakamtiririka Mtabiri mpaka kidevuni.

"Usilie, baba. Nitakuwa nawaona wote kutoka huko juu."

"Na mimi nitabaki na nani?"

"Na jiko," Mama akasema. "Utajifunza kupika."

Kesho yake redio ikampigia tena. Nchi nzima ilikuwa inasubiri roketi iruke, na watangazaji walitaka neno kutoka kwa Mtabiri. Wakalipata.

"Nimeandika upuuzi miaka yote," akasema huku analia. "Tumekodolea macho Mirihi, na mtu aliye sebuleni kwetu hatumwoni! Vichomeni vitabu vyangu. Hakuna nyota inayostahili mtu amwache mama yake."

Wasikilizaji walipiga simu wakilia. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu alieleza kwamba huo ulikuwa utabiri wake mzito kuliko wote, ila utafahamika baadaye. Mchapishaji naye alipiga, kuuliza kama kilio kile kinaweza kurefushwa kiwe riwaya.

Mtabiri akamkatia simu. Alikwenda sebuleni, akapiga magoti mbele ya Mama, ambaye siku hiyo alikuwa amesuka nywele na kuvaa viatu vipya vya raba.

"Mama, nimefuta mikutano yangu yote. Siendi popote. Nitakaa na wewe mpaka mwisho."

Mama alikuwa ameshika kichwa chake, anatafuta pa kuanzia kusema, mara gari likasimama nje. Mtabiri akachungulia kupitia pazia. Wanaume wawili walikuwa wakishuka, wamevaa ovaroli za buluu zenye nembo ya roketi kifuani.

"Shirika la anga!" akanong'ona. "Wamenisikia redioni. Wamekuja kunichukua kwa nguvu." Akatambaa mpaka nyuma ya kochi. "Mama, waambie sipo. Waambie kiuno!"

Mama akafungua mlango. Wale wanaume wakakaza miguu, wakapiga saluti.

"Shikamoo, Mama. Roketi imeshajazwa mafuta, wenzako wote wamefika."

"Marahaba, wanangu." Mama akapokea helmeti yake, akaipima kichwani, akageuka. "Na wewe toka huko nyuma ya kochi, uje uniage."