Mtihani Kwenye Nyumba Tupu

Alipofika, madirisha yote yalikuwa yamekwisha kufunguliwa.

Alisimama sebuleni na ufunguo mkononi, bila kujua aufanyie nini. Kufungua madirisha kabla ya mteja kufika, ili hewa nzito itoke, ni jambo la kwanza walilofundishwa kwenye kozi ya udalali wa nyumba. Alama za jambo hilo kwenye mtihani wa leo alikwisha kuzihesabu kuwa zake.

"Karibu, dada, karibu sana," ilisema sauti kutoka jikoni. "Hukupata shida kufika?"

Bwana mmoja mwenye miwani akatokea, akifuta vumbi mikononi kwa leso. Mwanamke akautia ufunguo mfukoni. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyakariri njia nzima.

Mtihani wa leseni ulikuwa na sharti moja gumu. Mtahini hajitambulishi. Unapewa ufunguo, anwani na maelezo ya nyumba tupu, unakwenda, unamkuta mtu, unamhudumia kama mteja mpaka mwisho. Ukimwuliza kama ndiye mtahini, umeanguka papo hapo.

Yeye alikuwa ameanguka mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo angerudi kubeba funguo za madalali wenye leseni na kufagia nyumba wanazouza wao. Asubuhi wifi yake alimwambia, "Ukirudi bila leseni leo, hata choo usituonyeshe kilipo." Mumewe alicheka mpaka chai ikampalia.

"Tuanze na chumba cha kulala," alisema, akasogea pembeni ya mlango. Mteja ndiye hutangulia. Mara ya kwanza aliangushwa na hilo.

Bwana naye akasogea pembeni. "Tangulia, dada."

"Hapana, kaka. Wewe kwanza."

"Siwezi. Tangulia tu."

Wakabaki pale, kila mmoja na tabasamu lake, mlango wazi katikati. Ananitega, aliwaza. Mwishowe wakapita pamoja, bega kwa bega, wakabanana kidogo.

Chumbani alinyoosha kidole darini. Kasoro husemwa kabla ya uzuri. Hilo alilisahau mara ya pili, na likamponza. "Sitakuficha, kaka. Pale juu..."

"Panavuja," alisema bwana. "Nami sikufichi. Mlango wa bafu nao hukwama mvua ikinyesha."

Mtahini gani huyu wa kumnyang'anya mtu maneno mdomoni? Akatafuta kasoro nyingine haraka.

"Bomba la jikoni linatoa maji kwa kudondosha."

"Kweli. Na ukuta wa nyuma una unyevu."

"Na jirani ana mashine ya kusaga."

"Nilikuwa nafika hapo," alisema bwana, na safari hii hakutabasamu.

Waliimaliza nyumba hivyo hivyo. Mwanamke aliposifu mwanga wa sebuleni, bwana alisifu upepo. Alipotaja ukubwa wa kiwanja, mwenzake alitaja hati, tena kwa sauti kubwa zaidi. Walirudi sebuleni wakitweta kama watu waliohamisha makabati.

Kilichobaki kilikuwa kimoja tu.

"Una swali lolote, kaka?"

"Mimi sina. Wewe je, dada?"

"Mimi?"

"Uliza tu. Usione haya."

Alingoja bwana atoe kalamu, au hata akohoe kama mkubwa, ili yeye ajue mtihani umeisha. Bwana hakutoa kitu. Alisimama akimtazama, akajifuta jasho, akamtazama tena. Jirani aliwasha mashine, akaizima. Viatu alivyoazima kwa wifi vilikuwa vimeanza kumla vidole.

Ndipo uvumilivu ulipomwishia.

"Kaka, nisamehe. Najua nikiuliza nimeanguka, na bora nianguke kuliko kuendelea kusimama hapa. Niambie tu. Nimefaulu au sikufaulu?"

Bwana alivua miwani. Akajikalisha polepole kwenye ukingo wa dirisha.

"Dada," alisema, "mimi nilikuwa nangoja wewe uniambie."