Tepu Nyekundu

"Fundi, mwenye shimo anasema kifaa kililia, mume wangu akapuuza." Raya aliweka kipima gesi kwenye meza yangu. "Simwamini. Kifungue nione."

Juzi tu alisoma arobaini ya mumewe, aliyekosa hewa kwenye shimo la rubi kule Matombo.

Nikafungua skrubu nne. Taa iliwaka, lakini waya wa king'ora ulikuwa umekatwa, ncha yake imezungushiwa tepu nyekundu mara tatu.

Raya aliinama. "Aliyekata hapa ni fundi."

Nikamkumbuka jamaa aliyeniletea kifaa hiki hiki kabla ya msiba, akitaka nikizime sauti. "Kelele zake zinachelewesha kazi," aliniambia. Sikuuliza kazi gani.

"Fundi gani hapa Morogoro?" Raya aliuliza.

Nilivuta kitambaa niifunike rola ya tepu nyekundu iliyokuwa mezani kwangu. Mkono wa Raya ukawahi kuishika.